Laiki si ofa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu makocha wa futiboli ya vyuo Marekani na mitandao ya kijamii

Futiboli inayozungumziwa hapa ni ile ya Kimarekani, ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Majibu yamewalenga wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili walioko Columbus, Minneapolis, Dallas na kwingineko, ambako mtoto anaanza kucheza sekondari na ghafla simu inajaa arifa za makocha ambao nyumbani hakuna anayewajua.

Kocha wa chuo kikubwa amelaiki posti ya mwanangu. Ndiyo kusema wanamtaka?

Ndiyo kusema kuna mtu ameiona. Basi.

Laiki haimgharimu kocha chochote. Anaweza kugawa makumi akiwa anasubiri basi la timu. Njia nzuri ya kusoma mambo haya ni kujiuliza kila tendo limemgharimu nini aliyelifanya. Kufolo na kulaiki ni sekunde moja. Ile picha kali yenye radi, moshi na jina la kijana kwa herufi kubwa imetoka kwenye kiolezo: mbuni wa picha wa timu amebadilisha jina na namba ya jezi, kisha akaenda kwa mwingine. Ujumbe wa faragha unaotaja tukio fulani katika mechi fulani ni jambo jingine, maana mtu amekaa akaangalia video. Juu zaidi kuna kocha kusafiri hadi shuleni, kisha mwaliko wa ziara rasmi ambayo chuo kinalipia nauli, malazi na chakula, kisha ofa ya maandishi, yaani nafasi kwenye timu pamoja na ufadhili.

Kuna kipimo kimoja kisichodanganya sana: je, wameomba ripoti ya alama za darasani? Kijana mwenye laiki 40 ambaye hakuna chuo kilichoomba alama zake bado hajaanza kusakwa, hata kama simu inasema vingine.

Mwanangu yuko darasa la 10. Amewaandikia makocha inboksi, wamemfolo, lakini hawajibu. Wanaringa?

Hapana, wamefungwa mikono. Kwa futiboli ya Division I, daraja la juu la vyuo, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinamruhusu kocha kuanza kumwandikia mchezaji kwa faragha tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa darasa la 11. Hiyo inajumuisha meseji za simu, barua pepe, inboksi ya X (zamani Twitter), Instagram na hata WhatsApp. Kabla ya hapo kijana anaweza kuandika atakavyo, ila kocha hawezi kujibu. Anachoweza ni kumfolo na kulaiki, ndiyo maana ishara hizo ndogo zinakuwa nyingi kwa watoto wadogo: ni lugha ya bubu.

Kinachofanyika kihalali ni kumpitia kocha wa sekondari. Kocha wa chuo anampigia yeye, anauliza habari za kijana, anaacha salamu. Kwa hiyo kama mtoto yuko darasa la 9 au la 10, hakikisha kocha wake wa shule anapokea simu na anajibu barua pepe. Kuna vijana wazuri waliokwama kwa sababu mtu wa katikati alikuwa hapatikani.

Division II milango inafunguka mapema zaidi, tarehe 15 Juni kabla ya darasa la 11. Division III na vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, havina kizuizi cha tarehe kwenye ujumbe, kwa hiyo ukiona chuo kidogo kinamjibu mtoto wa darasa la 10, hakijavunja sheria.

Usiku wa manane tarehe 1 Septemba simu ililia mara 30. Zote ni za kweli?

Ni za kweli, lakini nyingi ziliandaliwa wiki kadhaa kabla na kutumwa kwa orodha nzima. Usiku huo vyuo vinashindana kuonekana. Subiri wiki mbili. Anayeandika tena tarehe 15, akamuuliza kijana kuhusu mtihani au mechi ya Ijumaa, huyo ndiye wa kumhesabu.

Kanuni hizi zilitoka wapi? Kwa nini kulaiki ruksa na kuandika marufuku?

Mwaka 2007 NCAA ilipiga marufuku makocha kuwatumia wachezaji meseji za simu. Wakati ule kila meseji ilikuwa na bei, na wazazi walikuwa wakiona bili zinapanda. Lakini inboksi za Facebook na Twitter zilihesabiwa kama barua pepe, hivyo zikabaki halali. Makocha wakahamia huko: ujumbe wa Facebook unamwambia kijana apige simu, na simu inafanya kazi iliyobaki. Marufuku ikawa chujio lenye tundu.

Mwaka 2016 mambo yalilegezwa kwa futiboli. Meseji ziliruhusiwa, na kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huo makocha wakaruhusiwa kulaiki na kurusha tena posti za wachezaji wanaowasaka. Wazo lilikuwa kwamba kocha abonyeze, asiandike. Kutoa maoni hadharani chini ya posti ya kijana ambaye hajasaini bado ni kosa. Mara nyingi huwa ni kosa dogo ambalo chuo chenyewe hulitolea taarifa, lakini kocha hapendi jina lake lifike ofisi ya uzingatiaji kanuni kwa sababu ya kidole kilichoteleza.

Halafu ikaja korona. Kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Mei 2021 makocha wa Division I hawakuruhusiwa kukutana na wachezaji ana kwa ana. Miezi 14 yote kazi ilifanyika kwenye skrini: video, inboksi, ziara za chuo kupitia Zoom. Mazoea hayo hayakurudi nyuma.

Kwa nini kocha anaposti mlipuko au katuni inayocheza, bila jina la mtu?

Kwa sababu kuna kijana amekubali kwa mdomo kuja chuoni, na kocha haruhusiwi kumzungumzia hadharani mpaka asaini. Kwa hiyo anaposti ishara yake, mashabiki wanaelewa, na jina linabaki moyoni. Akishasaini, kizuizi kinaondoka. Ndipo unaona zile video za kumkaribisha zenye muziki na ngoma.

Siku ya kusaini zamani ilikuwa Februari pekee. Tangu 2017 kuna kipindi cha mapema Desemba, na wengi sasa husaini hapo. Barua ya kitaifa ya kusaini iliyotumika kwa miongo mingi ilifutwa Oktoba 2024; kinachosainiwa leo ni makubaliano ya ufadhili na chuo chenyewe.

Akaunti ya kijana ipangweje?

Kwa futiboli, X ndiyo soko kuu. Instagram ni sebule, mahali pa kumjua mtu. TikTok ina watazamaji, lakini vyuo vya umma katika majimbo kama Texas vimeizuia kwenye vifaa na mtandao wa chuo, kwa hiyo kocha anaweza asiione akiwa kazini.

Jina la akaunti liwe jina lake halisi, lile lililoko kwenye orodha ya timu. Hapa familia zetu hukwama: shuleni anaitwa kwa jina la baba, kwenye pasipoti kwa jina la babu, kwenye X kwa jina la utani. Kocha anamtafuta, hampati, anaendelea na mwingine. Chagueni jina moja na litumike kote, pamoja na kwenye video na NCAA Eligibility Center, ofisi inayohakiki sifa za mchezaji.

Maelezo mafupi chini ya jina yanatosha mstari mmoja. Mfano:

2027 | DE | 6'4" 235 | GPA 3.6 | jina la shule, mji, jimbo | namba ya kocha wa shule | linki ya video

Hiyo 2027 ni mwaka wa kumaliza sekondari, si wa kuzaliwa. DE ni nafasi uwanjani (defensive end, mlinzi wa pembeni). GPA ni wastani wa alama za darasani. Urefu ni kwa futi na inchi, uzito kwa pauni. Video bora ibandikwe juu kabisa. Picha iwe ya kijana mwenyewe, uso uonekane, isiwe ya simba wala ya mchezaji wa NFL, ligi ya kulipwa.

Urefu na uzito viandikwe vya kweli. Kuongeza inchi 2 ni desturi mbaya iliyoenea, na kocha analijua hilo. Siku ya kambi ya mazoezi chuoni kijana atasimama kwenye kipimo bila viatu, na kuanzia hapo kila namba nyingine aliyoandika inatiliwa shaka. Vivyo hivyo kwa mbio za yadi 40: muda unaopimwa na mtu kwa kubonyeza saa huwa mzuri kuliko wa mashine, kwa kawaida kwa kama sekunde 0.2. Kama kijana anakimbia mita 100 kwenye riadha ya shule, weka muda huo wa mashine. Kocha atauamini kuliko 4.4 iliyopimwa na mjomba.

Video nayo?

Wengi hutumia Hudl, kampuni iliyoanzia Lincoln, Nebraska, mwaka 2006, ambayo shule nyingi tayari hurekodi mechi zao humo. Dakika 3 hadi 5. Matukio matano bora kabisa yawe mwanzoni, kwa sababu kocha anaweza asifike la sita. Kabla mpira haujachezwa, weka duara au mshale juu ya kijana. Video imechukuliwa kutoka juu, wachezaji 22 wadogo kama siafu, na hakuna mtu atakayekisia ni yupi. Mwendo wa polepole punguza. Muziki wenye matusi toa. Makocha wengi huzima sauti, lakini asiyeizima atakumbuka matusi.

Kosa linalojirudia ni la kuonyesha mpira tu. Mlinzi wa mstari aonyeshe miguu na mikono, na aendelee mpaka filimbi. Beki wa nyuma aonyeshe pia mchezo ambao hakuguswa na mpira lakini alifunga njia. Baada ya kuvutiwa, kocha makini ataomba mechi nzima, na mara nyingi ataomba ile mliyofungwa.

Ujumbe wa kwanza aandikiwe nani, na useme nini?

Asiandikiwe kocha mkuu. Kila timu hugawa nchi kwa maeneo, kila kocha na majimbo au miji yake. Fungua tovuti ya michezo ya chuo, tafuta kocha wa nafasi anayocheza kijana na kocha anayesaka eneo lenu. Hao wawili ndio wa kuandikiwa.

Mistari minne inatosha: jina, shule na mwaka, nafasi, urefu, uzito na alama, linki ya video, jina na namba ya kocha wa shule. Ongeza sentensi moja inayoonyesha kuwa unakijua chuo hicho, labda kozi unayotaka kusoma au mfumo wao wa ulinzi. Iangalie mara mbili kabla ya kutuma. Kunakili ujumbe wa chuo kimoja na kusahau kubadilisha jina la chuo ni ajali ya kila siku, na makocha huonyeshana skrinishoti wakicheka.

Kijana aandike mwenyewe. Kocha huutambua ujumbe wa baba ndani ya sekunde kumi. Mzazi ana nafasi yake: simu, ziara, maswali ya ada na bima. Akijibiwa, ajibu siku hiyohiyo, hata kama jibu ni "asante, kocha".

Video mpya itumwe baada ya mechi tatu au nne. Kila siku ni usumbufu.

"Nimebarikiwa kupata ofa kutoka..." Kila mtu anaposti hivyo. Ofa hizo ni halali?

Ofa ya mdomo haimfungi yeyote, si kocha, si mchezaji. Kuna ofa ambayo kijana akisema ndiyo leo, nafasi ni yake. Na kuna ofa ya kumweka kwenye foleni, ambayo akisema ndiyo anaambiwa asubiri kwanza aje kambini. Kwenye X zote mbili zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Swali la kuuliza, kwa adabu na kwa simu, si kwa posti: "Kocha, nikikubali leo, mtanipokea?" Ukimya au maneno mengi ni jibu pia.

Ofa ya maandishi inaruhusiwa kutoka kuanzia tarehe 1 Agosti kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Kabla ya hapo, karatasi yoyote ni mapambo.

Uliza vilevile ni ofa ya nini. Division III haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, wala vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe kama Harvard. Msaada wao hutegemea kipato cha familia, na Division III pia alama. Division II hugawa ufadhili vipande vipande. Nafasi ya kujiunga bila ufadhili nayo hutangazwa mtandaoni kwa picha ileile yenye radi, na mzazi asiyejua hufanya sherehe kumbe ada ni yake yote.

Na picha ya kijana akiwa amevaa jezi ya chuo? Hupigwa kila anayetembelea. Ni ukumbusho wa safari.

Nini kinamfanya kocha amfute kijana kwenye orodha?

Matusi ya kibaguzi, kudharau wanawake, bangi, bunduki mkononi, kumtukana kocha wake wa shule au kulalamika kuwa hapewi mpira. Hilo la mwisho wazazi hulidharau, lakini kwa kocha ndilo linalosema zaidi: leo ni kocha wa sekondari, kesho ni mimi. Posti za mzazi nazo husomwa.

Julai 2014 Herb Hand, wakati huo kocha wa mstari wa mashambulizi wa Penn State, aliandika hadharani Twitter kuwa ameachana na mchezaji mwingine kwa sababu ya yale aliyoyaona kwenye mitandao yake, na kwamba amefurahi kuyaona kabla ya kumpa ofa. Makocha wengi hufanya hivyo kimya kimya. Kijana huona tu kuwa ujumbe umekoma.

Kufuta posti leo kunasaidia, lakini skrinishoti haifi. Pitia akaunti tangu mwanzo, pamoja na zile alizofungua akiwa na miaka 12 na kuzisahau. Tangu Juni 2024 X imeficha orodha ya laiki za kila mtu, lakini mwenye posti bado anaona nani kamlaiki, na riposti zinaonekana kwa wote.

Weka pia uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Usiku wa timu za NFL kuchagua wachezaji kutoka vyuoni, Aprili 2016, akaunti ya Twitter ya mchezaji Laremy Tunsil ilidukuliwa na kuwekwa video akivuta bangi kupitia kinyago. Aliyetarajiwa kuchaguliwa mapema kabisa akaitwa wa 13.

Mashabiki wanamwandikia mwanangu wakimsihi achague chuo chao. Ajibu?

Asijibu. NCAA huwachukulia mashabiki na wafadhili kama mkono wa chuo wanapomshawishi mchezaji. Mwaka 2009 chuo cha North Carolina State kilimwandikia mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza barua ya kumtaka aache, kwa sababu alifungua kundi la Facebook la kumsihi John Wall, nyota wa mpira wa kikapu, aje kwao. Na kijana akibadili mawazo, wale waliomwita ndugu jana ndio watakaomtukana leo. Zima arifa kutoka kwa watu asiowafolo.

Kuna anayejiita kocha anaomba hela. Ni kawaida?

Kocha wa chuo hamtozi mchezaji chochote ili ampe ofa. Tiki ya buluu isikutulize, kwa sababu siku hizi inanunuliwa. Hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya makocha kwenye tovuti ya chuo, kisha piga simu ya ofisi iliyoandikwa hapohapo, si ile aliyokutumia.

Ada za kambi ni halali, lakini mwaliko wa kambi hutumwa kwa maelfu. Nenda kwenye kambi ya chuo ambacho kocha wake tayari anazungumza na kijana kwa jina. Kampuni za kumtangaza mchezaji kwa malipo hazifanyi kitu ambacho mistari minne ya ujumbe na video nzuri havifanyi.

Vipi kuhusu pesa za jina na sura?

Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaweza kulipwa kwa matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vya Division I vilivyojiunga na mpango mpya vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Ahadi ya inboksi si mkataba. Kwotabeki Jaden Rashada alifungua kesi Mei 2024 kuhusu ahadi ya dola milioni 13.85 ambayo anadai hakulipwa. Kama mamilioni yanaweza kuyeyuka, sembuse elfu mbili zilizoahidiwa na akaunti isiyo na picha. Kwa wanafunzi wa sekondari kila jimbo lina masharti yake. Ulizeni shule kabla ya kupokea hata viatu.

Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 awe makini mara mbili, maana viza hiyo inabana kazi za malipo. Amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini tangazo lolote.

Kijana yuko Nairobi au Dar es Salaam. X pekee inaweza kumfikisha?

Ni vigumu, tusidanganyane. Kocha anataka kuona video ya mechi za futiboli yenyewe, dhidi ya wapinzani anaoweza kuwapima. Daniel Adongo wa Kenya alisajiliwa na timu ya NFL ya Indianapolis Colts mwaka 2013 kutoka kwenye raga, bila kupitia chuo, lakini huo ni mlango wa mmoja. Njia inayowezekana zaidi ni kupata kwanza shule ya sekondari Marekani au chuo cha miaka miwili chenye timu, kisha kuanza kutuma video. Vyeti vya shule vitapitiwa na NCAA somo kwa somo. Division I inadai masomo 16 ya msingi. Anzeni na vyeti kabla ya video.

Kocha aliyetoa ofa amefukuzwa. Inbox imejaa ahadi zake. Tufanye nini?

Uhusiano ni wa kocha, nafasi ni ya chuo. Kocha mpya halazimiki kuheshimu neno la aliyemtangulia, na mara nyingi huja na orodha yake. Ndani ya saa 48 kijana awaandikie watu wawili: kocha mpya wa nafasi yake, akijitambulisha upya kana kwamba hawajawahi kukutana, na yule aliyeondoka, kwa sababu akipata kazi kwingine huenda akambeba. Kabla ya kutangaza hadharani kuwa amejitoa, apige simu kwanza. Na asifute mazungumzo ya zamani. Tarehe na maneno yake yatahitajika kocha mpya akiuliza waliishia wapi.